Sura ya Saba: Mikwaruzo ya Pande Mbili

Kwa dakika kumi na mbili Damaris Mirumbe alikuwa amelala chini ya gari la watu, mgongo juu ya gunia, miguu nje, na kila aliyepita pale kwa waosha magari wa Homa Bay alimwona mama mzima wa miaka hamsini na tisa akichungulia tumbo la gari kama anayetafuta sindano. Hakujali. Miaka thelathini ya upelelezi ilimfundisha kwamba muuza gari hung'arisha uso, hupaka matairi mafuta, hutia manukato ndani, lakini chini hakuna anayetaka kulala. Kwa hivyo yeye huanzia chini.

"Nipe tochi," alisema.

Rael akainama akampa. Rael alikuwa fundi wa nguo kutoka Suna, na ndiye aliyekuwa na haja ya gari. Asubuhi hiyo ya Jumamosi alishika tochi, mkoba wa Damaris na moyo wake mwenyewe, vyote kwa mikono miwili.

Haja yake ilikuwa hii. Binti yake Nyamusi, miaka kumi na mitatu, hatembei tangu kuzaliwa. Shule inayompokea yeye na kiti chake cha magurudumu iko karibu na Rongo, na kwa miaka mitano gari dogo jeupe la nyumbani lilimpeleka na kumrudisha. Likazeeka. Kwanza lilikataa mlima, halafu likakataa asubuhi zenye baridi, mwisho likakataa kabisa. Fundi wa tatu aliifungua injini, akaifunga bila kusema neno, akaomba maji ya kunawa. Makondakta wa matatu nao walikiona kile kiti wakapungia gari mkono liendelee. Wiki tisa sasa Nyamusi hajaiona shule. Rael na mumewe Joash waliuza kipande cha shamba ili wanunue gari jingine, na kipande cha pili cha kuuza hawana. Wakikosea, ndiyo basi.

Ndipo wakamwendea Damaris, ambaye tangu astaafu watu wa Migori humtumia kukagua magari kuukuu kabla hawajaumia. Alikuwa ameshayakataa mawili. La kwanza, la Masara, lilikuwa limebeba magunia ya mawe ya dhahabu hadi springi zikalala. La pili, la Rongo, mita yake ilisema limetembea kidogo, lakini pedali ya breki ilikuwa imelika hadi chuma. Hili la tatu Rael alilipata kwenye simu: buti refu, mlango wa nyuma unaopanda juu, kiti cha Nyamusi kinaingia bila kukunjwa. Bei yake ilikuwa ya chini kiasi cha kumfanya Damaris asilale vizuri.

"Bei ikishuka hivyo, kuna kitu mtu anakikimbia," alikuwa amemwambia Rael jana yake.

Sasa alijivuta kutoka chini ya gari, akaketi juu ya gunia, akajipangusa magoti.

"Je?" Rael aliuliza.

"Chesisi haijachomelewa popote. Namba yake ni ile ya kwenye logbuku. Ya injini pia, na imefunikwa na vumbi la mafuta la miaka. Hakuna patasi iliyogusa pale."

"Kwa hivyo ni nzuri."

"Kwa hivyo ni nzuri mno. Ngoja kwanza."

Muuzaji alikuwa amesimama kivulini, shati limepigwa pasi, mikono nyuma. Jina lake Maxwell, mwanamume wa miaka thelathini na kidogo, mwenye adabu ya mtu aliyelelewa nyumba ya mwalimu. Alisema gari ni la baba yake, Mwalimu Ogweno, mstaafu. Jina kwenye logbuku lilikuwa hilohilo.

"Madam, hii gari iko sawa kabisa," alisema. "Mzee alikuwa anaendea kanisa na soko, basi."

"Na msituni lilienda kufanya nini?"

"Msituni?"

Damaris alisogea hadi kwenye taa ya nyuma, akainamisha kichwa, akatazama ubavu wa gari dhidi ya jua. Kutoka mbele rangi ilikuwa safi. Kutoka pale pembeni ilionekana mistari myembamba, mingi, imepita kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma, imepakwa nta ikang'arishwa. Alizunguka upande wa pili. Mistari ileile. Mtu akikwaruza gari mjini hukwaruza upande mmoja, kona moja. Hili lilikuwa limepita katikati ya vichaka.

Alipiga magoti mbele ya bampa, akatia vidole nyuma ya wavu wa rejeta. Alitoa kipande cha mmea wa mtambaa uliokauka, umejisokota kwenye chuma. Kisha, kwenye ndoano ya kuvutia gari, akakuta nywele fupi, ngumu, nyeusi na nyeupe. Alizichukua moja moja akazifunga kwenye kitambaa chake cha mkono.

"Ni za mbwa?" Rael alinong'ona.

"Ng'ombe."

Yeye na Rael wote walikuwa Wakuria, wamezaliwa karibu na mpaka wa Tanzania, na kwao ng'ombe, vichaka na gari la bei ya chini ni hadithi moja tu. Damaris mwenyewe alikuwa ameifuata hadithi hiyo kwa miguu miaka mingi: ng'ombe wanaswagwa usiku kwa njia za panya, gari linafuata nyuma na watu wenye mapanga, na asubuhi kuna boma linalia. Gari likishajulikana, huoshwa na kuuzwa mbali, haraka, kwa bei ya kutupa.

Alifungua mlango wa nyuma, akanusa. Akanyanyua zulia, akanusa tena.

"Ng'ombe hakuingia ndani," alisema. "Mkojo wa ng'ombe hautoki, hata uoshe na petroli. Alikuwa nje, mbele ya gari."

"Kwa hivyo walikuwa wakimswaga."

"Kwa hivyo simu yangu iko wapi?"

Alimpigia Sajini Okemwa, aliyewahi kufanya kazi chini yake na sasa yuko kwenye dawati la magari yaliyoibwa. Alimsomea namba. Walisikiliza Okemwa akibonyeza kompyuta na kumkemea mtu aliyemletea chai ya baridi.

"Halijaripotiwa, Afande," Okemwa alisema. "Wala halijatajwa kwa kesi yoyote. Lakini unajua wewe kuliko mimi. Kutoripotiwa si kutoibwa. Pengine mwenyewe bado hajajua."

Damaris alikata simu, akamwita Maxwell karibu.

"Mwalimu Ogweno yuko wapi?"

"Nairobi. Kikazi."

"Si umesema amestaafu?"

"Kikazi kidogo. Mambo ya pensheni."

"Aliliendesha gari hili mara ya mwisho lini?"

"Juzi."

"Kibandiko cha bima kilikwisha Novemba. Mzee wa kanisa anaendesha gari bila bima tangu Novemba?"

Maxwell alikohoa. "Alisahau, madam."

"Mpigie."

Maxwell alitoa simu, akageuka kando, akaiweka sikioni. Alisema "hello, baba" mara mbili, akatikisa kichwa, akarudi.

"Hapatikani."

"Maxwell, umempigia nani na skrini bado inaonyesha picha ya mtoto wako?"

Waosha magari walicheka. Maxwell aliangalia viatu vyake. Damaris naye alimwangalia kwa makini, maana kuna jambo lilikuwa halikai sawa. Wezi wa magari aliowahi kuwakamata walidanganya vizuri. Walikuwa na majibu matatu kwa kila swali na kicheko cha kusindikizia. Huyu alidanganya kama mtu anayevaa kiatu cha mwingine.

Rael alimvuta kando, hadi kwenye pipa la maji.

"Afande, mimi nakuomba. Sema tu ni nzuri. Hata kama kuna kitu kidogo, sisi tutavumilia. Nyamusi ameacha kuniuliza. Siku za kwanza alikuwa ananiuliza kila jioni, sasa haulizi."

"Mama Nyamusi, nikikwambia ni zuri na wakaja kulichukua baada ya mwezi mmoja, utamwambia nini mtoto? Utakuwa huna gari wala shamba."

"Basi sema ni mbaya turudi nyumbani. Lakini sema."

"Nipe dakika tano."

Alirudi akafungua boneti mara ya pili. Safari hii hakuangalia namba. Aliangalia umri wa kila kitu, kimoja kimoja, kama alivyofundishwa na fundi mmoja mlevi wa kituo cha Rongo: gari huzeeka pamoja, na kisichozeeka na wenzake kina maneno. Betri, ya zamani. Mipira ya maji, ya zamani. Waya za plagi, za zamani. Nyuma ya wavu wa mbele kulikuwa na honi mbili mpya kabisa, nyekundu, waya zake zimefungwa kwa tepu ambayo hata haijashika vumbi.

"Hizi honi zilibadilishwa lini?"

"Zile za kwanza ziliungua," Maxwell alisema, na hilo alilisema upesi, bila kukohoa.

"Honi haiungui kwa kwenda kanisani."

Damaris alifunga boneti polepole, akaliegemea, na Rael akamwona uso ukilegea.

"Njoo usikie, Mama Nyamusi. Gari limepita vichakani, ng'ombe wako mbele. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Mwizi wa ng'ombe anapiga honi?"

Rael alifikiri. "Hapana. Mwizi hata taa anazima."

"Huyu alipiga honi hadi ikaungua. Honi ya gari haiungui kwa dakika tano. Lazima uilalie kutwa nzima. Huyu alitaka kijiji chote kimsikie, na cha jirani pia. Sasa mimi ni Mkuria, nikiona nywele za ng'ombe kwenye bampa nafikiria wizi, ndivyo tulivyo, Mungu atusamehe. Lakini nilikuwa koplo Rongo. Siku moja nilifunga barabara saa nzima kwa sababu ng'ombe walikuwa wanapita, na wanaume wamejivika majani, na magari yamefungwa matawi yanalia nyuma yao, na hakuna aliyekuwa ameiba chochote." Alimgeukia Maxwell. Sauti yake ilishuka. "Pole, kijana wangu. Mzee alizikwa lini?"

Maxwell aliketi juu ya ndoo iliyoinamishwa. Alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, akaangalia ziwa.

"Mwezi wa kumi na mbili," alisema. "Tarehe tisa."

"Na mkafanya tero buru, desturi yenu ya msiba."

"Alikuwa mzee, madam. Lazima. Ng'ombe walitangulia hadi mpakani mwa ukoo, watu wakafuata, kufukuza kifo kitoke bomani. Sisi hatuna ng'ombe wengi. Mjomba akasema gari la mzee nalo litoke, lipige kelele kwa niaba ya ng'ombe ambao hawapo. Mimi ndiye niliendesha. Tulikata kwa mashamba, kwa miiba, kila mahali. Fahali alikuwa hataki kwenda, nikamsukuma kidogo na bampa."

"Na kwa nini umeniambia yuko Nairobi?"

"Wanunuzi wanne wamekuja, wote wa hapa. Wanapenda gari, wanapatana, halafu wanasikia hii ndiyo ilifuata tero buru ya Mwalimu Ogweno. Mmoja alikimbia akaacha kofia kwa kiti." Hakutabasamu. "Nikasema niitafutie mtu wa mbali. Nikapaka nta. Nikajua nikisema baba alikufa mtauliza maswali, na nikisema yuko hai hamtauliza."

"Umeona vile hatujauliza," Damaris alisema.

Rael alicheka, kicheko cha ghafla kilichomtoka bila ruhusa, akaziba mdomo. Hata Maxwell alilegea mabega. Lakini Damaris alikuwa ameshachukua mkoba wake.

"Maneno mazuri nimeyasikia. Sasa nataka karatasi. Nyumbani ni wapi?"

Nyumbani kulikuwa nje ya mji, kwenye barabara ya Rangwe: nyumba ya matofali, ua wa miti, na kaburi la saruji mpya upande wa kulia wa mlango. Kabla ya kubisha, Damaris alisimama kwenye ua. Mtambaa ulikuwa umeupanda kote. Alitoa kile kipande kikavu mkobani, akakilinganisha na mbichi, jani kwa jani. Nyuma ya jiko fahali mweusi mwenye mabaka meupe alikuwa amefungwa, anatafuna bila haraka. Damaris alifungua kitambaa chake. Nywele zilikuwa za fahali huyo, hakuna ubishi.

"Unamhoji na huyu?" Rael aliuliza.

"Huyu ndiye shahidi pekee ambaye hajanidanganya leo."

Mjane alitoka nje kabla hawajaita. Mama Phelesia alikuwa na miaka sabini na kitu, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, macho ya mtu aliyesahihisha madaftari mengi. Alisikiliza maelezo hadi mwisho. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Ulisema baba yako yuko Nairobi?"

"Mama, nilikuwa nataka tu..."

"Mimi nimekaa na huyo mtu miaka arobaini na minne, hajawahi kunidanganya hata bei ya omena. Wewe unamfufua umpeleke Nairobi." Alimtazama hadi Maxwell akarudi hatua moja nyuma. "Leta ile bahasha."

Bahasha ilikuwa na kila kitu. Cheti cha kifo. Hati ya mahakama ya kumfanya Phelesia msimamizi wa mirathi, imethibitishwa, na gari limetajwa ndani kwa namba yake. Barua ya watoto wote watano kwamba wamekubali liuzwe. Damaris alisoma kila ukurasa mara mbili, akaupiga picha muhuri, akamtumia Okemwa. Walikunywa chai wakingoja. Simu ilipolia, Okemwa alisema maneno machache tu: ameuliza mahakamani kwa mtu anayemjua, kesi ipo, hati ni halali, na je, kuna kazi nyingine au aende akale.

Damaris aliweka kikombe chini. Alijisikia mwepesi, wepesi wa mtu aliyetua mzigo wa kuni, na hakuona haya kusema.

"Mama Nyamusi, nimefurahi. Gari ni safi, na karatasi ni safi. Lakini umesikia lilikotoka. Wenyeji wanne wamelikataa. Hilo silikagui mimi, ni lako kuamua."

Rael alitazama gari uani. Maxwell aliacha kunywa chai yake.

"Wanaliogopa gari lililofukuza kifo," Phelesia alisema taratibu. "Mimi sijui wanataka lipi. Lililokiita?"

"Mama," Rael alisema, "Mzee alikuwa mtu wa namna gani?"

Phelesia alifikiri kwa muda, si kama anayetafuta sifa bali kama anayechagua moja.

"Alikuwa hachelewi. Amefundisha miaka thelathini na saba, na hakuna siku kengele ya shule ilimtangulia. Hata akiwa na malaria. Mvua ikinyesha alikuwa anasimama njiani kuokota watoto, wengine wamejaa matope hadi kiunoni, wanakalia viti. Mimi nagombana naye, yeye anasema matope hukauka."

"Basi tunalichukua," Rael alisema.

Phelesia alijifunika uso kwa kanga. Maxwell alimshika bega. Kisha Damaris, ambaye machozi humtia haraka ya kufanya kazi, alidai kalamu. Makubaliano yaliandikwa mezani kwa nakala tatu, vitambulisho vikapigwa picha, na Phelesia akaanzisha uhamisho wa umiliki kwa simu huku Damaris akimsomea kila hatua kwa sauti. Bima ilinunuliwa hapohapo. Maxwell alipeana mkono na Rael, akasema pole, akasema tena pole, hadi mama yake akamwambia aache, amesikika.

Walipofika Suna ilikuwa saa kumi na moja jioni. Rael aliendesha gari jipya polepole, Damaris akamfuata na lake, na kwa njia yote aliangalia lile la mbele akitafuta moshi, mtetemeko, taa isiyowaka. Hakukuwa na kitu. Ilibidi akubali kwamba siku nyingine mambo huenda vizuri tu.

Joash, mume wa Rael, alitoka karakana yake ya useremala na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alizunguka gari mara mbili, akainua mlango wa nyuma, akapima kwa macho, akamnyooshea Damaris mkono, akabaki ameushika wake bila kuuachia.

Kisha Nyamusi akajisukuma kutoka ndani hadi barazani. Rael, aliyekuwa anafungua mdomo kutoa habari, aliufunga. Mtoto alikuwa amevaa sare ya shule. Sweta, tai, soksi hadi magotini, viatu vimepakwa rangi.

"Leo ni Jumamosi, mama," Rael alisema.

"Nimemwambia hivyo tangu saa mbili asubuhi," Joash alisema. "Anasema anajaribu tu kama bado inamtosha."

"Inanitosha," Nyamusi alisema. "Mikono ndiyo imekuwa mifupi kidogo." Alilitazama gari, lile buti refu lililo wazi, akamtazama mama yake. "Tunaenda ama hatuendi?"

"Shule imefungwa, Nyamusi. Hata mlinzi ameenda kwake."

"Najua. Twende tu nione geti."

Rael alimwangalia Damaris, naye Damaris akajifanya anatafuta funguo mkobani. Joash alimbeba binti yake akamweka kiti cha mbele, kiti cha magurudumu kikaingia nyuma bila kukunjwa, na wale watatu wakashika barabara ya Rongo jua likiwa bado juu ya mabati, kwenda kuangalia geti lililofungwa.